Mikopo ya jamii za wachache Marekani: Funzo la benki ya Chicago lingali na uzito

TANGU Rais Donald Trump wa Marekani alipotia sahihi agizo la Machi 14, 2025, la kupunguza shughuli za taasisi kadhaa za serikali kuu hadi kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa na sheria, wenye biashara ndogo katika mitaa ya watu weusi na Walatino nchini humo wamekuwa na swali moja kuu: mikopo itatoka wapi?

Miongoni mwa taasisi zilizotajwa katika agizo hilo ni mbili ambazo machoni pa mwananchi wa kawaida hufanana kama shilingi kwa ya pili.

Ya kwanza ni Shirika la Kustawisha Biashara za Jamii za Wachache (MBDA), ambalo asili yake ni afisi iliyoasisiwa na Rais Richard Nixon mwaka wa 1969. Ya pili ni hazina ya CDFI, iliyoundwa kwa sheria mwaka wa 1994 wakati wa Rais Bill Clinton, ambayo huyapa mtaji mabenki na vyama vya mikopo vinavyohudumia maeneo ambayo mabenki makubwa huyakwepa.

Hata hivyo, ukichunguza kwa makini utaona kwamba taasisi hizi mbili hazikujengwa juu ya msingi mmoja. MBDA iliundwa kwa ajili ya wafanyabiashara wa jamii fulani. Hazina ya CDFI nayo hutazama zaidi mapato ya wakazi na mahali wanapoishi, wawe weusi au weupe.

Tofauti hiyo ndiyo inayofanya agizo la 2025 kuwa jambo zito kuliko linavyoonekana. Ili kuielewa, ni sharti kurejelea maisha ya kazi ya mwanabenki mmoja wa Chicago, Ronald Grzywinski, ambaye kwa zaidi ya miaka 40 alijaribu kujibu swali lile lile linaloulizwa leo.

Grzywinski hakuanza kama mwanaharakati. Kabla ya kuingia katika uongozi wa mabenki alikuwa muuzaji wa mashine za kampuni ya IBM. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa rais wa Hyde Park Bank, benki iliyokuwa katika mtaa wa Chuo Kikuu cha Chicago, upande wa kusini wa jiji hilo.

Huo ulikuwa wakati wa joto kali la kisiasa. Mwaka wa 1966 Dkt Martin Luther King alikuwa amepeleka kampeni yake ya haki za makazi mjini Chicago. Alipouawa Aprili 1968, ghasia zilizuka na sehemu za magharibi mwa jiji zikateketea.

Katika mazingira hayo, Hyde Park Bank ilianzisha kitengo maalum cha kukopesha biashara ndogo zilizomilikiwa na watu wa jamii za wachache. Grzywinski aliwaajiri Milton Davis, aliyekuwa ameongoza tawi la Chicago la chama cha kutetea haki cha CORE, James Fletcher na Mary Houghton. Davis na Fletcher walikuwa weusi. Grzywinski na Houghton, weupe.

Tatizo walilokabiliana nalo lilikuwa na mizizi mirefu. Katika miaka ya 1930, mashirika ya serikali kuu yalichora ramani za miji ya Marekani na kutia rangi nyekundu mitaa iliyodaiwa kuwa hatari kwa mikopo. Mitaa ya watu weusi ndiyo iliyopakwa rangi hiyo kwa wingi.

Matokeo yalikuwa kwamba benki ingeweza kupokea akiba za mkazi mweusi bila wasiwasi wowote, kisha ikazikopesha kwingine. Aliyetaka kufungua duka au kukarabati nyumba katika mtaa wake aliambiwa kwamba mtaa wenyewe haufai. Mtu alihukumiwa kwa anwani yake kabla ya vitabu vyake vya hesabu kufunguliwa.

Kitengo cha Hyde Park Bank kilionyesha kwamba wakopaji wa kuaminika walikuwepo, ila hakuna aliyekuwa amewatafuta. Lakini kadiri miaka ilivyosonga, wanabenki hao wanne walitambua kasoro moja. Kitengo kidogo ndani ya benki yenye shabaha nyingine kingebaki kuwa pambo. Mambo yakiwa magumu, cha kwanza kukatwa ni pambo.

Waliamua kwamba kilichohitajika ni benki nzima iliyofungamana na mtaa mmoja. Nafasi ilijitokeza katika mtaa wa South Shore, kando ya Ziwa Michigan.

South Shore ulikuwa mtaa wa weupe mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kufikia katikati ya miaka ya 1970, wakazi wengi walikuwa weusi. Weupe walihama kwa kasi, maduka katika barabara ya 71 yakaanza kufungwa, na wenye South Shore National Bank wakaomba idhini ya kuihamishia katikati ya jiji.

Wakazi walipinga. Mnamo 1972, afisi ya serikali inayosimamia mabenki ya kitaifa ilikataa ombi hilo, uamuzi ambao ni nadra kutolewa. Mwaka uliofuata, Agosti 1973, kampuni iliyoundwa na Grzywinski na wenzake iliinunua benki hiyo kwa takriban dola milioni 3.2. Sehemu kubwa ya fedha hizo, dola milioni 2.4, ilikuwa mkopo. Wanabenki waliotaka kuwakomboa wengine kwa mikopo walianza wakiwa wadeni wao wenyewe.

Kosa lao la kwanza ndilo lenye mafunzo mengi zaidi. Kwa kuwa walikuwa wamebobea katika mikopo ya biashara ndogo, walidhani dawa ya South Shore ilikuwa kufufua maduka ya barabara ya 71. Walikopesha wenye maduka, na benki ikapata hasara.

Sababu haikuwa uvivu wala hila za wakopaji. Duka hutegemea wateja, na wateja walikuwa wamezoea kupanda magari na kwenda kununua katika maduka makubwa ya kwingineko. Mwenye duka angeweza kufanya kila jambo sawasawa na bado akafilisika kwa sababu barabara nzima ilikuwa imekufa.

Benki ingeweza kukata tamaa na kutangaza kwamba watu weusi hawakopesheki, kama wengi walivyokuwa wakisema. Badala yake, maafisa wake walitazama tena ni akina nani hasa waliokuwa wakifanya biashara katika mtaa huo.

Waligundua kwamba South Shore ulikuwa na majengo mengi ya matofali yenye nyumba kadhaa za kupangisha, ambayo yalikuwa yakichakaa. Watu wenye kazi za kawaida za mshahara walikuwa wakinunua jengo moja, wakilikarabati jioni na siku za mapumziko, wakilipangisha, kisha wakinunua la pili.

Hakuna aliyewaita wafanyabiashara. Hawakuwa na afisi wala mabango. Lakini hao ndio waliokuwa wawekezaji halisi wa mtaa huo, na benki ilipoelekeza mikopo kwao mambo yalibadilika. Jengo moja lililokarabatiwa lilipandisha thamani ya la jirani, na jirani naye akaja kuomba mkopo. Mwanasosholojia Richard Taub aliieleza hatua hiyo kwa kina katika kitabu chake kuhusu benki hiyo kilichochapishwa mwaka wa 1988.

Funzo lilikuwa wazi. Mkopeshaji aliyeketi katikati ya jiji asingewaona watu hao, hata kama angekuwa na nia njema namna gani, kwa kuwa hawakutoshea katika fomu yoyote aliyokuwa nayo.

Swali jingine lilikuwa fedha zitoke wapi, kwa maana akiba za wakazi peke yake zisingetosha. Benki ilibuni akiba za maendeleo: watu wenye uwezo, makanisa na wakfu kutoka mbali waliombwa kuweka fedha zao South Shore, wakilipwa riba kama katika benki nyingine. Fedha ambazo kwa miongo kadhaa zilikuwa zikitoka katika mitaa ya weusi kuelekea kwingine, sasa zilianza kurudi.

Mwaka wa 1977 Grzywinski alikwenda Washington kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti iliyoongozwa na William Proxmire. Alikuwa miongoni mwa wanabenki wachache mno waliounga mkono mswada ambao wenzao waliupinga vikali. Mswada huo ulitiwa sahihi na Rais Jimmy Carter Oktoba 1977 na kuwa Sheria ya Uwekezaji Upya katika Jamii.

Inafaa kuzingatia maneno ya sheria hiyo. Inazitaka benki kutimiza mahitaji ya mikopo ya maeneo yote zinakohudumu, yakiwemo ya watu wa mapato ya chini. Haigawi mikopo kwa rangi ya mtu. Mtaa uliokuwa umetumiwa kuwabagua watu sasa ulitumiwa kuwafikia.

Sifa za benki hiyo zilivuka mipaka. Katika miaka ya 1980, Grzywinski na Houghton walifanya kazi na Wakfu wa Ford kama washauri wa Muhammad Yunus, wakati Grameen Bank ya Bangladesh ilipokuwa ikijijenga. Gavana Bill Clinton na mkewe Hillary waliwaalika kusaidia kuanzisha taasisi kama hiyo katika jimbo la Arkansas. Clinton alipogombea urais mwaka wa 1992, aliahidi kuanzisha mtandao wa benki 100 za aina hiyo. Hazina ya CDFI ni mtoto wa ahadi hiyo.

Wakenya nao hawako mbali na historia hii. Mnamo 1989, shirika la K-Rep lilianzisha mpango wa mikopo ya Juhudi, uliofuata mfano wa Grameen kwa kukopesha vikundi vya wafanyabiashara wadogo ambao hawakuwa na hatimiliki za kuweka rehani. Kibera ni miongoni mwa mitaa ya kwanza kufaidika. K-Rep iligeuka kuwa benki kamili mwaka wa 1999.

Benki ya Chicago, ambayo mwaka wa 2000 ilianza kujulikana kama ShoreBank, ilikua hadi kuwa na matawi Cleveland na Detroit na mali ya zaidi ya dola bilioni mbili. Kisha kukaja msukosuko wa 2008.

Hapa pana kinaya kichungu. ShoreBank haikujenga biashara yake juu ya mikopo ya nyumba yenye masharti ya kinyonyaji iliyosababisha msukosuko huo. Kinyume chake, ilianzisha mpango wa kuwaokoa wenye nyumba walionaswa na mikopo ya namna hiyo. Lakini mikopo hiyo mibaya ilikuwa imeuzwa na wengine katika mitaa ile ile. Nyumba zilipotwaliwa na kazi kupotea, thamani ya majengo yote ilianguka, na wateja waaminifu wa ShoreBank wakaanguka nayo.

Mwaka wa 2010, makampuni makubwa ya fedha kama Goldman Sachs, Citigroup na JPMorgan Chase yaliahidi kutoa zaidi ya dola milioni 140 kuinusuru, kwa sharti kwamba serikali nayo ichangie kutoka kwa hazina ya kunusuru mabenki.

Siasa ziliingilia kati. Kwa kuwa Rais Barack Obama alikuwa ametokea Chicago, wapinzani wake walidai kwamba benki hiyo ilikuwa ikipendelewa na marafiki wa Ikulu. Serikali ilikanusha. Mwishowe mchango wa serikali haukutoka, na mpango huo wa kuinusuru ShoreBank ukafa. Mabenki makubwa yaliyokuwa yamenusuriwa kwa mabilioni ya umma yaliendelea kuishi, nayo benki ya South Shore ikaachwa.

Agosti 20, 2010, ShoreBank ilifungwa. Ilikuwa na mali ya dola bilioni 2.16, na shirika la serikali la kukinga akiba za wateja, FDIC, lilikadiria kwamba lingepata hasara ya dola milioni 367.7. Grzywinski na Houghton walikuwa wameondoka uongozini mapema mwaka huo.

Wakosoaji husema kuanguka huko ni ushahidi kwamba benki haiwezi kutumikia mabwana wawili, faida na jamii. Hoja hiyo ina ukweli kiasi: benki iliyoweka mikopo yake mingi katika mitaa inayofanana haikuwa na pa kukimbilia mitaa hiyo ilipoumia kwa pamoja. Wasimamizi wake hawawezi kuepuka lawama ya kutojiwekea mtaji wa kutosha kwa siku mbaya.

Lakini ikumbukwe kwamba benki 157 zilifungwa Marekani mwaka huo wa 2010, nyingi zikiwa hazina shabaha yoyote ila faida. Fauka ya hayo, benki hiyo ilikuwa imedumu kwa miaka 37 katika mtaa ambao wenzake walisema hauwezi kukalisha benki hata moja.

Kwamba pengo halijazibika kulidhihirika wakati wa janga la Covid-19. Utafiti wa mchumi Robert Fairlie ulionyesha kwamba kati ya Februari na Aprili 2020, idadi ya weusi waliokuwa wakiendesha biashara zao ilishuka kwa asilimia 41, ilhali ya weupe ilishuka kwa asilimia 17.

Serikali ilitoa mikopo ya dharura, ila ilipitishia fedha hizo katika mabenki, na mabenki yaliwahudumia kwanza wateja waliokuwa wakiyajua. Asiyekuwa na uhusiano na benki yoyote alibaki foleni hadi awamu ya kwanza ya fedha ikamalizika. Bunge la Congress lilitambua kasoro hiyo na Desemba 2020 likatenga dola bilioni 12 kwa taasisi za mikopo za jamii na mabenki ya jamii za wachache.

Tangu hapo upepo umegeuka. Julai 2023, mahakama ya serikali kuu katika jimbo la Tennessee iliamua kwamba serikali haiwezi kuchukulia tu kuwa mtu wa jamii fulani ni mnyonge kibiashara anapoomba kandarasi zilizotengewa wanyonge. Machi 2024, jaji mmoja wa Texas alitoa uamuzi kama huo dhidi ya MBDA.

Juni 2024, mahakama ya rufaa mjini Atlanta ilizuia hazina ya kibinafsi ya Fearless Fund kutoa ruzuku za dola 20,000 kwa wanawake weusi pekee. Septemba mwaka huo, hazina hiyo ilikubali kuusitisha mpango huo kabisa.

Wanaowasilisha kesi hizi wana hoja isiyoweza kupuuzwa. Wanasema Katiba inamlinda kila raia kwa usawa, na kwamba mweupe maskini wa milima ya Appalachia naye hunyimwa mkopo. Kumwambia mtu huyo kwamba dirisha hili si lake kwa sababu ya rangi yake ni kurudia dhambi ile ile kwa sura nyingine.

Ni kwa sababu hii kwamba safari ya Grzywinski ina uzito leo. Alianza na kitengo cha jamii za wachache, akaishia na benki ya mtaa. Aliyetoka South Shore akija na jengo lake na hesabu zake alikopeshwa kwa sababu hizo. Kwamba wengi wa wakopaji walikuwa weusi kulitokana na walikoishi, na walikoishi kulitokana na historia. Njia hiyo inamfaa mkazi wa Appalachia sawa na mkazi wa Chicago.

Hazina ya CDFI imefuata njia hiyo, na ndiyo sababu ina marafiki katika vyama vyote viwili. Maseneta Mark Warner wa Democratic na Mike Crapo wa Republican walianzisha pamoja kundi la kuitetea mwaka wa 2022, kwani fedha zake hufika pia mashambani na katika maeneo ya Wamarekani wa asili.

Iwapo lengo lilikuwa kuondoa upendeleo wa rangi, basi hazina hii ndiyo iliyopaswa kuachwa. Badala yake iliwekwa katika orodha moja na MBDA. Mei 2025, mahakama ya serikali kuu katika jimbo la Rhode Island ilizuia kuvunjwa kwa MBDA. Hata hivyo, Oktoba 2025, wakati shughuli za serikali zilipokwama kwa kukosa bajeti, wafanyakazi wa hazina ya CDFI walipewa notisi za kuachishwa kazi. Maseneta wa vyama vyote walilalamika.

Wanaoshangilia mwisho wa mipango ya rangi wanapaswa kueleza ni nini kitakachochukua nafasi yake. Ukifunga dirisha la rangi kwa hoja kwamba liko dirisha la mahali na mapato, kisha ukalifunga na hilo la pili, hujaleta usawa. Umewarudisha watu kwenye ramani za miaka ya 1930, tofauti ikiwa tu kwamba safari hii hakuna aliyetumia kalamu nyekundu.

Kenya nayo ina la kujifunza. Tangu 2013, asilimia 30 ya zabuni za serikali zimetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na mwaka wa 2022 ikazinduliwa Hazina ya Hustler inayokopesha kupitia simu. Kutenga fungu ni hatua ya kwanza. K-Rep yenyewe, iliyotoka Kibera, ilinunuliwa na kampuni ya uwekezaji ya Centum mwaka wa 2014 na tangu 2016 imeitwa Sidian.

Kile ambacho sheria na simu haviwezi kufanya ni kutambua kwamba mtu anayekarabati jengo lake usiku kwa mikono yake mwenyewe ni mfanyabiashara kamili. Benki ya Chicago ilihitaji miaka kadhaa na hasara isiyo ndogo ili kumwona mtu huyo. Bila mtaji wa taasisi za aina hiyo, atabaki kuonekana na majirani zake peke yao, na majirani hawana cha kumkopesha.